"Serikali Iingilie Kati": Ipi Kati ya 48?

Mama karanga, muuza samaki wa kukaanga ninayenunua kwake, ana neno ambalo kila Mkenya anayetazama taarifa ya habari ya jioni amelisikia mara elfu. Mvua ya masika ilipojaza mtaro ulio nyuma ya soko, maji meusi yakapanda mpaka kwenye miguu ya meza yake, wateja wakaanza kupita mbali wakiziba pua, alisema, "Sisi twaomba serikali iingilie kati."

Nikamuuliza, "Serikali ipi, mama?"

Akageuza kipande cha tafi kwenye mafuta, kisha akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Kwani ziko ngapi, mwanangu?"

Ziko 48. Moja ni ya kitaifa, na 47 ni za kaunti, kila moja na bunge lake, bajeti yake, mawaziri wake na mambo yake ambayo Katiba imezikabidhi. Mtaro ule tayari alikuwa ameushtakia kwa watu wawili. Wa kwanza alikuwa chifu. Wa pili ni mbunge, aliyemkuta kwenye matanga ya jirani. Mbunge aliahidi "kulifuatilia" kisha akaacha shilingi 5,000 kwa ajili ya chama chao cha akina mama. MCA, mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, hakuambiwa lolote. "Huyo ni wa basari," alinieleza, yaani wa msaada wa karo. Na katika hao watatu, ni huyo mmoja tu ambaye kazi yake inafika kwenye mtaro wa soko.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia watu wa mijini wakiwaita wapiga kura wa aina yake wajinga. Mama huyu anajua bei ya samaki Vanga na Malindi kwa siku moja. Anajua ni nani alihama muungano upi, nani alinuna alipokosa uwaziri, nani na nani hawasalimiani tena. Siasa anaijua vizuri kuliko mimi. Asichokijua ni serikali: kazi ipi imewekwa mikononi mwa nani, pesa yake inatoka mfuko upi, na mlango wa kubisha ni upi. Hayo ni maarifa mawili tofauti, na vyombo vyetu vya habari hulisha la kwanza kuanzia alfajiri hadi usiku, la pili likilala njaa.

Tuanzie kwenye Katiba yenyewe. Wakenya waliipitisha kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010, na ikaanza kutumika tarehe 27 mwezi huohuo. Uchaguzi wa kwanza chini yake ulikuwa Machi 2013, na hapo ndipo mpiga kura aliyezoea karatasi tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani, alipokabidhiwa sita. Zilizoongezeka ni ya gavana, ya seneta na ya Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti.

Rais na gavana ndio wenye kutekeleza, kila mmoja katika ngazi yake. Hao wawili ndio wanaoajiri, wanaotia mikataba, wanaojenga na wanaonunua dawa kupitia wizara na idara zao. Wanne waliobaki kazi zao ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuwakagua hao wawili. Mbunge na Mwakilishi wa Wanawake wanaketi pamoja katika Bunge la Kitaifa na kura zao zina uzito sawa. Mwakilishi wa Wanawake si mbunge wa wanawake peke yao, na si ofisa wa gavana, ingawa anachaguliwa na kaunti nzima. Seneta analinda maslahi ya kaunti: anashiriki kuamua kaunti zipate pesa kiasi gani, na anafuatilia zilivyotumika. Ni Seneti pia inayosikiliza kesi za kuwaondoa magavana, kama ilivyofanya kwa Ferdinand Waititu wa Kiambu Januari 2020 na Mike Sonko wa Nairobi Desemba mwaka huohuo. MCA naye ni mbunge wa kaunti. Yeye kwa gavana ni kama mbunge kwa rais.

Ukiliangalia hivyo, utaona kwa nini kura ya suti, ile ya kupigia chama kimoja karatasi zote sita, inastahili kufikiriwa mara mbili. Mkaguzi na mkaguliwa wanapoingia ofisini kwa mkono wa bwana mmoja, ukaguzi unakuwa mgumu. Sisemi watu wasifanye hivyo. Kura ni ya mwenyewe. Nasema wengi huifanya bila kuambiwa kuwa zile karatasi nne ni za kuwachagua watakaomchunga mwenye zile mbili.

Mgawanyo wa kazi umo katika Jedwali la Nne la Katiba. Ni kurasa chache tu, na kama ningeruhusiwa kuchagua maandishi mamoja ya kubandikwa kwenye ukuta wa kila soko Kenya, ningechagua hayo. Polisi, jeshi, vitambulisho, shule za msingi na za sekondari, vyuo vikuu, barabara kuu na hospitali kuu za rufaa kama Kenyatta ni za serikali ya kitaifa. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, kilimo, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, maji, taka, zimamoto, leseni za biashara na za pombe, na barabara za kaunti ni za kaunti. Masoko yametajwa kwa jina katika aya ya 7 ya sehemu ya kaunti. Mitaro ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa imo katika aya ya 11. Kesi ya mama karanga iliandikwa hukumu yake mwaka 2010.

Kwa nini basi hakujua? Sikiliza maneno tunayotumia. Askari wa kaunti anayekuja kukata ushuru sokoni tunamwita kanjo, neno lililotokana na mabaraza ya miji yaliyokufa mwaka 2013. MCA tunamwita diwani, hata magazetini. Kamishna wa kaunti wazee wengi bado wanamwita DC, mkuu wa wilaya wa enzi zile. Na "serikali" kwa maana ya kila siku ni chifu, polisi na Nairobi. Gavana ni "kaunti", kama kwamba kaunti si serikali. Ramani ya zamani bado iko midomoni mwetu, na katika ramani hiyo diwani alikuwa mtu mdogo asiye na pesa, mbunge alikuwa mkubwa wa eneo, na kila shida kubwa ilipanda hadi kwa DC, kwa PC wa mkoa, halafu rais. Mama karanga aliishia darasa la saba kabla ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985. Alikwenda kwa chifu na kwa mbunge kwa sababu ndivyo ilivyokuwa sahihi kwenda kwa zaidi ya nusu ya maisha yake.

Hapa pana jambo ambalo halisemwi vya kutosha: Mkenya yeyote aliyezaliwa kabla ya 1990 hakusoma habari za ugatuzi akiwa darasani, maana alipokuwa shuleni kaunti hizi hazikuwapo. Mimi ni mmoja wao. Tulisoma somo lililounganisha jiografia, historia na uraia, na mwalimu alituandikia ubaoni mihimili mitatu ya serikali tukaikariri kwa wimbo. Nilipata alama nzuri. Miaka mingi baadaye bomba la maji lilipopasuka mtaani kwetu, sikujua nimwandikie nani barua. Mtihani haukuwahi kuuliza swali hilo.

Waliotufuata hawakupata nafuu kubwa. Katika sekondari za 8-4-4, somo la Historia na Serikali lilikuwa la hiari kuanzia kidato cha tatu, kwa hiyo mwanafunzi wa sayansi angeweza kufikia umri wa kupiga kura akiwa ameacha kusikia habari za serikali akiwa na miaka 15 au 16. Mtaala wa umilisi ulioanza 2017 umeutaja uraia kuwa mmoja kati ya umilisi saba wa kimsingi, na hilo ni jambo la kheri, lakini katika sekondari ya juu Historia na Uraia bado ni somo la kuchagua. Kwa watu wazima, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imeweka sehemu nzima inayozitaka kaunti ziwe na mpango wa elimu ya uraia. Sheria ipo. Kinachofanyika mara nyingi ni semina za miezi michache kabla ya uchaguzi, zikifundisha namna ya kukunja karatasi na kuiweka kwenye sanduku lenye rangi yake. Ni mafunzo muhimu, kura isiharibike. Ila yanamfundisha mtu shughuli za siku moja katika miaka mitano.

Ujinga huu pia una wanaonufaika nao, na hapo ndipo moyo wangu unapouma.

Chukua basari. Elimu ya sekondari na ya vyuo vikuu ni kazi ya serikali ya kitaifa. Lakini kwa zaidi ya miaka kumi kaunti zimekuwa zikitoa basari kupitia wadi, wabunge wakitoa zao kupitia Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge, na Wawakilishi wa Wanawake wakitoa zao kupitia hazina yao. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alitoa waraka kwamba kaunti zisitumie pesa kwa basari za ngazi hizo bila makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa. Wazazi walikuwa na watoto mlangoni pa shule, magavana wakakimbilia mahakamani, na Mahakama Kuu ikausimamisha waraka huo. Katika kelele zote zile, mzazi wa kawaida alielewa jambo moja: kuna mtu anataka kumnyima mtoto wake karo. Kwamba kulikuwa na swali halali la Katiba ndani yake halikumfikia, na simlaumu hata kidogo.

Lakini tazama kinachotokea kwenye akili ya mpiga kura mwaka baada ya mwaka. Hundi inatolewa hadharani, kuna hema, kuna muziki, mheshimiwa anapigwa picha. Pesa ni za kodi, zingine ni za huyohuyo mama anayepiga vigelegele. Yeye anaondoka akijua kwamba mheshimiwa amemsaidia. Mkutano ujao hawezi kusimama kuuliza bajeti ya soko iliendaje, kwa sababu mtu hamuulizi maswali mfadhili wa mwanawe. MCA aliyekuwa mkaguzi wa gavana amegeuka mgawaji, na kazi ya ukaguzi imebaki bila mtu wa kuidai.

Hazina ya wabunge nayo ni hivyo hivyo. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, imejenga madarasa mengi na hakuna atakayeyakana. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilisema sheria ya 2013 iliyoiendesha ilikiuka Katiba, kwa sababu ilimfanya mtunga sheria ajiingize katika utekelezaji na ikaingilia mgawanyo wa kazi kati ya ngazi mbili za serikali. Kufikia hapo tayari ilikuwa imepata sheria nyingine ya 2015, na hiyo pia Mahakama Kuu ikaibatilisha Septemba 2024. Miaka yote hiyo tulikuwa tukimpima mbunge kwa madarasa aliyojenga. Sheria alizopitisha, na bajeti ya matrilioni aliyoipigia kura, hatukumuuliza.

Wakati mwingine hata mwenye kutaka kujua anachanganywa. Barabara moja mjini inaweza kuanza mikononi mwa KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, ikaingia kwa KURA, ile ya barabara za mijini, tawi lake likawa la KeRRA, ya barabara za vijijini, na vichochoro vyake vikawa vya kaunti, na shimo halina kibao kinachosema ni la nani. Magavana na wabunge wenyewe wamevutana hadi mahakamani kuhusu pesa za kutengeneza barabara. Dawa zikikosekana zahanati, gavana atasema Hazina ya Kitaifa imechelewesha mgao, na mara nyingi ni kweli. Ukiuliza upande wa pili utaambiwa kaunti zina madeni ya mabilioni kwa shirika la kusambaza dawa la KEMSA, na hilo ni kweli pia. Mwaka wa fedha wa 2024/25 mgao wa kaunti zote 47 ulikuwa shilingi bilioni 387.4, katika bajeti ya taifa iliyokaribia trilioni 4. Mpiga kura anayefikiri gavana ana kila kitu, na yule anayefikiri gavana hana chochote, wote wawili wanahitaji kuiona tarakimu hiyo.

Wataalamu wa siasa wana maelezo yao ya jambo hili. Mwaka 1957 mwanauchumi wa Marekani, Anthony Downs, alieleza kwamba mpiga kura anaweza kuwa na akili timamu kabisa na bado akachagua kutojua. Kujifunza mambo ya serikali kunagharimu muda, na kura yake moja kati ya mamilioni haiwezi kugeuza matokeo. Basi afadhali aende akauze samaki. Nimeyafikiria sana maelezo hayo, na kwa urais nakubaliana nayo. Kwa wadi sikubaliani. Hesabu ni hii: mwaka 2022 Kenya ilikuwa na wapiga kura 22,120,458 waliosajiliwa na wadi 1,450. Kwa wastani ni watu 15,000 na ushei kila wadi. Waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 65, kwa hiyo ni kama kura 9,900. Wagombea saba au wanane wakizigawana, mtu anaweza kushinda kwa elfu tatu na kidogo. Chama cha mama karanga na wenzake kina wanachama 40. Ukihesabu waume, wana na wakwe waliojiandikisha, hapo mezani pa samaki pana kura mia mbili hivi. MCA hawezi kulala usingizi akijua kura mia mbili zimeusoma ukurasa wa mtaro katika bajeti yake.

Kuusoma ndiyo kazi. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na sheria inataka wananchi washirikishwe. Nimehudhuria vikao hivyo. Katika kimoja, tulikabidhiwa mlangoni kitabu cha bajeti kinene kama Msahafu, chote kwa Kiingereza, saa nne asubuhi siku ya kazi, na saa sita mambo yakawa yamekwisha. Mzee mmoja alisimama kuulizia kitambulisho cha mjukuu wake. Mwengine akaulizia walimu wa shule ya msingi. Ofisa akajibu "tumesikia" kwa wote wawili, wala hakuwaambia kwamba mambo hayo ni ya serikali nyingine na ofisi yake iko mtaa wa pili. Ilikuwa nafasi ya dakika moja ya kufundisha uraia, na ilipita. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi. Bajeti ya soko isiyosomeka na watu wa soko imefungiwa kabatini, hata ikiwa imewekwa kwenye tovuti.

Na watu hawa si wagumu kufundishika. Juni 2024 nililiona kwa macho yangu. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia. Vijana waliufafanua kwenye simu kwa Kiswahili, kwa Kiluo, kwa Kikamba, hata kwa lugha ya ishara, kifungu kwa kifungu. Binti yake mama karanga alimwonyesha video moja wakiwa wanapara samaki. Wiki hiyo mama alinieleza mimi, mwenye shahada, tofauti ya muswada na sheria, na kwamba bunge likishapitisha bado rais ana hiari ya kutia sahihi au kuurudisha. Ushuru wa mafuta uliondolewa tarehe 18 Juni. Tarehe 25 Bunge lilipitisha muswada, waandamanaji wakaingia Bungeni, vijana wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Mama alilia kwa ajili ya watoto wale ambao hakuwajua. Kwa umri wake wote, aliniambia, hakuwahi kumsikia mtu akimsomea sheria kwa lugha anayoielewa.

Somo lile lilipita kwenye karai lake la mafuta, ndiyo maana lilimwingia. La kaunti lingepita njia hiyohiyo. Kila mwaka bunge la kaunti hupitisha Muswada wake wa Fedha, ndani ya siku 90 baada ya kupitisha bajeti, na humo ndimo unamowekwa ushuru ambao kanjo anamkatia risiti kila asubuhi. Sijawahi kuona video inayoufafanua.

Basi siku ile ya mafuriko nilimwambia yote haya, vipande vipande, wateja wakija na kuondoka. Kwamba soko ni la kaunti. Kwamba mtaro ni wa kaunti. Kwamba ushuru anaolipa unaingia mfuko uleule unaopaswa kuuzibua. Kwamba Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa haki ya kuomba bajeti ya soko kwa ofisi husika, na ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 21. Alinisikiliza bila kunikatiza, akafuta mikono kwenye leso.

"Hiyo karatasi yapatikana wapi?"

Nikamwambia aanze kwa msimamizi wa wadi, ofisi iko karibu na kituo cha matatu. Aliniuliza nimwandikie ombi lenyewe. Nikaliandika pale pale kwa Kiswahili, nusu ukurasa, akatia sahihi, na wenzake wanne wakatia za kwao. Siku ya pili alikwenda. Karani akaipokea barua, akagonga muhuri kwenye nakala, akamwambia msimamizi hayupo, arudi Alhamisi.

Alhamisi nilipopita kununua samaki nilikuta meza imefunikwa turubai. Jirani yake, muuza nazi, akaniambia wametoka saa tatu, wako sita.